Shati Lako Bado Liko Kwenye Waya

Odongo, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua ungependa Dholuo, lakini Dholuo yangu uliicheka tangu siku ya kwanza, ukasema inasikika kama mtu anayesoma tangazo la hospitali. Mtu aliyezaliwa kwenye mashamba ya chai huko juu, akalelewa kati ya majirani wa makabila saba, huomba chumvi kwa Kiswahili na hulia kwa Kiswahili. Nivumilie.

Ni asubuhi. Niko chumbani kwangu hapa Suna, mlango uko wazi, na jirani anaosha dagaa wa omena kwenye beseni. Zimepita wiki saba tangu tukuzike kwenu Ndhiwa. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara naanza kukueleza yaliyotokea, halafu nagundua kwamba sijui yaliyotokea. Mimi, uliyeniita Karani kwa sababu sikuacha kitu bila kukiandika.

Nikupe habari kwanza. Machimbo yamefungwa. Tingatinga lilikuja likasukuma mawe kwenye mdomo wa shimo letu, kisha likavuka bonde na kufanya vivyo hivyo kwa wenzetu wa Shimo la Juu. Wanaume wametawanyika. Wengine wako Karungu wanavuta nyavu, wengine wanakata miwa. Wambura amerudi kwao mpakani kuchunga ng'ombe. Amesema hataingia tena mahali ambapo haoni anga. Kibanda changu cha pale mdomoni bado kimesimama. Na ile waya ya mashati bado imefungwa kwenye nguzo zake mbili, na shati lako liko juu yake. Lile la mistari ya buluu, lililochanika kwapani.

Hakuna aliyeligusa. Unajua sheria yetu. Anayeshuka anavua shati, analitundika, na akipanda analichukua mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyojua nani yuko chini bila kuuliza. Shati la mtu halishushwi na mtu mwingine. Lakini sheria hiyo haikusema lolote kuhusu mtu aliyepandishwa akiwa amebebwa. Nimewauliza wazee wawili. Mmoja anasema lichomwe palepale. Wa pili anasema lipelekwe kwa mke. Wewe ungesema, "Karani, livae wewe, angalau uonekane mwanamume."

Sasa nikueleze mambo kwa mpangilio, maana labda nilichokosa kiko kwenye mpangilio.

Alhamisi handaki letu lilitoboka na kukutana na lile la Shimo la Juu. Wote tulikuwa tunafuata mshipa mmoja wa dhahabu bila kujua. Jambo hilo halikuwa geni. Limetokea mara ngapi? Vyombo vinawekwa chini, wazee wa pande zote wanashuka, wanapima kwa kamba, na ukuta wa mawe unajengwa katikati. Safari hii hakuna aliyewasubiri wazee. Ouma, aliyekuwa akiongoza zamu ya Shimo la Juu, aliwazuia watu wetu tisa waliokuwa kazini mle ndani, akatuma neno kwamba hawatatoka mpaka tuuache mshipa. Ouma huyohuyo alikunywa chai nasi asubuhi ile. Aliniuliza habari ya mgongo wangu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, kwenye kile kikao cha chai, neno au jicho ambalo lingenionya. Silipati.

Basi mashati tisa yalibaki kwenye waya. Alhamisi yote, Ijumaa yote.

Ijumaa askari walifika. Afisa wao alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu, aliyevua kofia kabla ya kunisalimia. Alisimama mdomoni akatazama chini kwa muda mrefu, halafu akaniambia, "Mzee, hapa juu kazi yangu naijua. Huko chini mimi ni mtoto wa nasari." Nilimpenda kwa maneno hayo. Nami nilikuwa nimesoma sana, kwenye magazeti na kwenye vile vitabu vyangu vya sandukuni, kuhusu vita vya mahandaki katika nchi za mbali. Nilijua kwamba chini ya ardhi jeshi kubwa linakuwa mtu mmoja, yule aliye mbele, na wengine wote ni foleni nyuma yake. Nilijua. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili.

Unakumbuka walivyojaribu Ijumaa mchana. Redio ilinyamaza kwenye kona ya kwanza. Ngao ilikwama kwenye kona ya pili. Mbwa alilala kifudifudi mdomoni, akakataa hata kuvutwa, nawe ukasema huyo ndiye mwenye akili kuliko wote. Yule askari mnene, aliyevaa fulana ya kuzuia risasi, ilibidi atoke kinyumenyume kwa sababu hapakuwa na pa kugeukia. Alitoka miguu kwanza, na kijasho chake ungeweza kukikinga kwa sufuria. Kisha mtu akataja vitoa machozi. Nilipiga kelele. Nilimwambia afisa kwamba upepo wa mle unavuta kwenda ndani, na moshi wowote utawafikia wale tisa kabla ya kumfikia Ouma. Akanisikiliza. Akasema, "Basi mzee, niandikie. Kila kitu. Kila ambacho mtu wa huko chini anakijua nami sikijui."

Nikaandika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Sabato yetu, siku ambayo kwa miaka yote sijashika kalamu, nawe ulinitania ukasema malaika wangu atakuwa amegeuka upande. Niliandika kurasa tatu. Ya kwanza ilihusu hewa: mpira wa pampu unapopita, mahali ambapo mtu akikaa sana kichwa kinaanza kuuma. Ya pili ilikuwa ramani, kila kona, kila nguzo iliyooza, kila mahali pa kuinama na kila mahali pa kutambaa, vipimo kwa hatua na kwa urefu wa mkono. Ya tatu ilikuwa ya watu: majina ya wale tisa, nani ana pumu, nani hasikii vizuri sikio la kushoto. Afisa alisoma mbele yangu akatikisa kichwa. Alisema hajawahi kupewa karatasi kama ile. Na mimi, Odongo, nilifurahi. Watu tisa walikuwa wamefungiwa chini ya miguu yangu, nami nilifurahi kusifiwa mwandiko.

Ulikubali kutangulia. Askari wanne wangekufuata kwa umbali wa kona moja, wakusikie lakini wasionekane. Ulivua shati ukalitundika, la kumi. Ukajifunga taa kichwani. Halafu ukanigeukia ukauliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama maji yamechemka: "Karani, umewaambia kuhusu taa?"

Nami nikakujibu, "Kila kitu kiko pale."

Ukaniambia, "Haya. Ukiniona nimekawia, jua Ouma ananisimulia ukoo wake wote." Ukashuka.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho juu ya ardhi. Ninayasikia wakati wa kupiga mswaki. Ninayasikia kanisani.

Kuhusu taa. Mimi na wewe tulijua, na kila aliyewahi kushuka alijua. Mkikutana mahali pembamba, yule anayetaka amani anazima taa yake, anakaa chini, ananyoosha miguu, anakohoa. Mwenzake naye anazima. Kumwekea mtu taa usoni mle ndani ni kumtukana, na tena ni kumpofusha. Ukizima umesema: sina kitu mkononi, sina haraka, pita au tuongee. Miaka ishirini na zaidi nimekaa kwenye lile shimo na sijawahi kumwona mtu akifundishwa jambo hilo. Mtu alilijua kama anavyojua kumeza mate.

Sikuliandika.

Kurasa tatu, Odongo. Sikio la kushoto la mtu niliandika. Hilo sikuliandika. Afisa alinirudishia karatasi baada ya mazishi, nami nimezisoma kwa miwani na bila miwani, mbele na nyuma. Halipo. Siwezi hata kusema nilisahau, maana mtu husahau kitu alichokifikiria. Mimi sikulifikiria hata pale uliponiuliza. Nilisikia neno taa nikadhani unauliza kuhusu betri, kuhusu ukali wa mwanga, sijui nilidhani nini. Au sikudhani chochote. Labda nilijibu tu kwa sababu nilikuwa bado nimejaa zile sifa za afisa. Hapa ndipo ninapozunguka. Kila siku najipa jibu tofauti, na kila jibu linakaa vizuri mpaka jioni.

Nimewahi kufanya hivi. Nilikusimulia, ule mwaka waliotufukuza huko juu. Tulipewa nafasi ya asubuhi moja kabla nyumba hazijachomwa. Niliketi nikaandika orodha ya vitu vya kubeba, kwa namba, nikavibeba vyote, hata kopo la misumari. Tulipofika Suna ndipo nikagundua kwamba picha ya mama yangu ilibaki ukutani. Iliishi pale miaka mingi hivi kwamba macho yangu hayakuiona tena. Ulipoisikia hadithi hiyo ulicheka mpaka ukashika ubavu: "Wewe ungeandika viungo vyote vya mwili wa mtu na kichwa ukakiacha." Halafu ukanikatia muwa wako nusu.

Yaliyotokea chini nimeyakusanya vipande vipande.

Wambura, ambaye alikuwa mmoja wa wale tisa, anasema ulifika ukitambaa, ukawaona, ukazima taa. Ulikaa. Ulikohoa. Anasema Ouma alisita kidogo, kisha akazima ya kwake, na watu wake wakafuata, moja, moja, moja. Anasema alisikia Ouma akisema, "Sasa sema, mzee." Anasema pia kwamba ulicheka. Nimemuuliza mara mbili: ulicheka kweli? Anasema ndiyo. Sijui ulicheka nini.

Askari mmoja, mdogo kuliko wote, aliniambia habari hiyohiyo kutoka kwenye kona ya nyuma. "Mzee, tuliona taa yake imekufa. Halafu zikafa zote. Sisi tumefundishwa kwamba adui akizima taa anakuja." Anasema kuna aliyepaza sauti, na kuna aliyefyatua. Risasi moja tu, chini, kwenye udongo. Wambura anasema haikuwa chini, ilikuwa juu, darini. Ouma anaapa kwamba hakusikia bunduki kabisa, bali nguzo iliyopigwa teke na mtu aliyekuwa akikimbia. Katika mahali pembamba vile sauti inatoka kila upande. Wote watatu wanaamini wanachosema. Nimewatazama usoni nikakosa mwongo.

Mimi nilikuwa mdomoni nimeshika ile kamba uliyoshuka nayo. Nilisikia kitu kama kifuniko cha sanduku kubwa kikifungwa mbali. Kisha nikanusa vumbi. Kamba haikusogea.

Mwamba uliangukia pale ulipokuwa umekaa, ukafunga njia kati yao na askari. Basi wote walioachwa upande wa ndani, waliozuia na waliozuiwa, walikimbia pamoja kwenda juu, wakatokea ng'ambo ya bonde kwenye mdomo wa Shimo la Juu. Askari waliokuwa wakisubiri pale waliwakuta watu zaidi ya ishirini, vifua wazi, wote rangi moja ya udongo, wote wakikohoa. Nani mateka na nani mtekaji? Hakuna aliyejua. Waliwafunga wote. Wambura anasema alifungwa kamba moja na mtu aliyemzuia siku tatu, nao wakapeana chupa ya maji kwa meno.

Afisa aliniita, "Mzee, nani ni nani?" Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi na vumbi, nami sikuweza kutambua uso hata mmoja. Basi nilirudi kwenye waya, nikachukua yale mashati tisa, nikavuka bonde nayo begani. Nilinyanyua moja moja juu, na mwenyewe akasema, "Langu." Hivyo ndivyo walivyofunguliwa. Siku ile nilivunja sheria yetu mara tisa bila hata kufikiri. Ya kumi imenishinda mpaka leo.

Kwa hiyo sijui niseme nini, Odongo. Kama ningeandika habari ya taa, askari wangetulia, nawe ungeongea na Ouma, na labda mngetoka wote mkicheka. Au labda Ouma angebadilika tena kama alivyobadilika baada ya chai ile, na wale tisa wangebaki mle wiki nzima. Watu wanasema uliwaokoa. Padri alisema hivyo kaburini. Wambura anasema hivyo. Lakini kilichowatoa ni mwamba, na mwamba uliangushwa na woga, na woga ulitoka kwenye mstari ambao sikuuandika. Nikifuata njia hiyo mpaka mwisho nafika mahali ambapo kosa langu ndilo lililowaokoa watu tisa, nami siwezi kukaa mahali hapo. Nikirudi nyuma nafika mahali ambapo nilikuua. Hapo napo siwezi kukaa.

Ouma alikuja kwenye mazishi, akiwa nje kwa dhamana. Nilidhani atafukuzwa. Alivua viatu getini akaomba jembe. Alichimba kaburi lako pamoja na vijana wa boma, tena alichimba vizuri, kuta zimenyooka, kama mtu wa kazi yetu. Mkeo alimpelekea maji yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa pili nasukuma udongo, nikimchukia, na nilipoona namna alivyoshika mpini nikajua alifundishwa na wewe, zamani, kabla hajahamia upande wa juu. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nianze barua hii.

Baada ya watu kutawanyika, Nyar Karungu aliniita nyuma ya jiko. Unamjua mkeo anapouliza, hazunguki. Alisema, "Karani, wewe ndiwe uliyekuwa naye mwisho. Alisema nini?"

Nikamwambia ulimtumia salamu.

Alinitazama. Alikuwa ameshika mwiko, akaupangusa kwa kanga yake pande zote mbili, polepole. Akasema, "Miaka thelathini Odongo hajanitumia salamu. Angesema utani." Kisha akaingia ndani. Hakunikasirikia. Aliniacha tu na uongo wangu pale, kama mtu anayeacha mgeni amalizie chakula.

Tangu siku hiyo sijakanyaga Ndhiwa. Amenitumia neno mara mbili kupitia waumini wenzangu wanaoenda soko la kule. Mara ya kwanza aliuliza kama naumwa. Mara ya pili aliuliza shati liko wapi. Ndugu yangu, yeye hajui kwamba uliniuliza kuhusu taa. Hakuna anayejua. Afisa hajui, Wambura hajui. Swali lako na jibu langu viko mahali pawili tu, kwangu na kwako, na wewe huwezi kusema. Ningeweza kunyamaza mpaka nife, na barua hii nikaitia motoni, na watu wangeendelea kunipisha kiti kama mzee aliyewaandikia askari kurasa tatu.

Nimejaribu. Wiki saba nimejaribu. Lakini kunyamaza huku kumenifanya nianze kukusahau vibaya. Nakuona ukishuka, lakini sikuoni ukiwa unakula, unapigana na redio yako mbovu, unaimba nyimbo za kanisa lenu kwa sauti isiyo yako. Nakuona mgongo tu, na taa.

Basi nimeamua jambo moja, ingawa mengine yote bado yamenichanganya. Leo nitapita machimbo nilishushe shati lako. Nitavunja sheria mara ya kumi na nikuombe radhi palepale. Halafu nitaelekea Ndhiwa nalo, na zile kurasa tatu ndani yake. Nikifika mlangoni kwa Nyar Karungu nitakohoa, na atanikaribisha, nawe unajua kwenu mambo yalivyo: mgeni hasemi kilichomleta kabla hajala. Ataweka samaki, ataweka ugali, atasimama kando nile kwanza.

Sitakula. Nakuahidi. Nitamwambia ulichoniuliza na nilichokujibu kabla sijanawa mikono, kwa sababu nikishaonja chakula chake sitaweza tena. Akiniambia niketi nile, nitakula. Akinyamaza, nitaliacha shati kitini nirudi Suna.

Oriti, Odongo. Kwaheri hiyo angalau naiweza kwa Dholuo. Sijui kama ulikuwa umejua, pale zile taa zilipozimika na ukacheka, kwamba sikuwa nimewaambia. Nafikiri ulijua. Ni mimi yule, Karani wako.